Meli Zilizonusurika Panga la Bajeti

Bajeti ikibana, kinachopigwa panga kwanza ni kile ambacho hakijatumika muda mrefu. Mwaka 1981 Uingereza ilifanya hivyo hivyo. Waziri wa Ulinzi, John Nott, alipanga kupunguza jeshi la majini, na kati ya meli za kuondolewa zilikuwemo Fearless na Intrepid. Hizi zilikuwa meli za kushushia askari ufukweni: nyuma zina sehemu inayojazwa maji, boti zinatoka humo na askari na magari mpaka mchangani. Hazihitaji gati.

Kumbe! Tarehe 2 Aprili 1982 Argentina ikaviteka Visiwa vya Falkland, karibu kilomita 13,000 kutoka Uingereza. Bandari kuu, Stanley, ikawa mikononi mwao. Sasa unaingiaje? Bahati nzuri meli zile mbili zilikuwa bado zipo. Intrepid, iliyokuwa imeshawekwa kando, ikarudishwa kazini haraka. Tarehe 21 Mei askari wakatua San Carlos, upande wa pili wa kisiwa. Tarehe 14 Juni Waargentina wakasalimu amri.

Haikuwa kazi rahisi. Waingereza walizamishiwa meli kadhaa. Wala sisemi kila nchi ikanunue meli hizi. Ila uwezo kama huu ukishaufuta, huurudishi kwa wiki saba: meli hujengwa kwa miaka, na mabaharia hufundishwa kwa miaka. Kwa hiyo anayekata bajeti asiulize tu, "Tulikitumia lini?" Aulize pia, "Tukikihitaji kesho, tutakipata wapi?"