Hita ya kabini: Dereva apate joto bila kuvuta sumu

BARIDI ya Timboroa haimjali dereva wala mzigo wake. Kati ya Juni na Agosti, malori yanayotoka Mombasa kuelekea Uganda, Rwanda na Kongo huacha joto la pwani na kupanda hadi nyanda zilizo zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari. Usiku unapoingia, madereva wengi pamoja na matingo wao hulala humo humo garini ili kulinda mzigo na mafuta.

Wapo wanaoacha injini ikinguruma usiku kucha ili wapate joto. Wapo pia wanaowasha jiko la makaa na kuliingiza ndani ya kabini, yaani chumba cha dereva, kisha wakafunga milango. Njia ya kwanza hula mafuta. Njia ya pili huua.

Ipo njia ya tatu ambayo imezoeleka barani Ulaya kwa miaka mingi. Ni hita ndogo inayochoma dizeli ya gari lenyewe huku injini ikiwa imezimwa. Hita kama hizo hufungwa katika malori, katika magari ya watalii yenye vitanda, na hata katika baadhi ya karavani, zile nyumba ndogo za magurudumu ambazo huvutwa na magari wakati wa likizo.

Baadhi ya malori yaliyotumika ambayo yaliingizwa nchini kutoka Ulaya yalikuja na hita hizo zikiwa tayari zimefungwa. Hata hivyo, hita iliyochaguliwa vibaya au kufungwa ovyo inaweza kuwa na hatari ile ile ya jiko. Ndiyo maana mwenye lori anapaswa kuelewa jinsi inavyofanya kazi kabla ya kumkabidhi dereva wake.

Sumu isiyo na harufu

Moto wowote huhitaji oksijeni. Unapoipata kwa wingi, hutoa hasa mvuke wa maji na hewa ya kaboni dioksaidi. Unapoikosa, hutoa pia gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi, harufu wala ladha.

Makaa ni hatari hasa kwa sababu hutoa gesi hiyo kwa wingi hata yanapokuwa yameiva, yamekuwa mekundu na hayatoi moshi tena. Dhana kwamba jiko likishaacha kufuka moshi ni salama kuingizwa ndani, imeangamiza watu wengi katika sehemu zenye baridi humu nchini.

Mtu anapovuta gesi hiyo, huingia katika damu na kushikamana na himoglobini, chembe inayobeba oksijeni mwilini. Mshikamano wake una nguvu zaidi ya mara 200 kuliko ule wa oksijeni. Kwa hivyo hata kiasi kidogo cha gesi hiyo katika chumba kilichofungwa huinyima damu nafasi ya kubeba oksijeni.

Dalili za kwanza ni kuumwa na kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na mwili kulegea. Mtu aliye macho anaweza kuzitambua na kutoka nje. Aliyelala hazihisi, usingizi wake huzidi kuwa mzito hadi anapokosa nguvu za kufungua mlango.

Kabini ya lori ni chumba kidogo mno. Hewa inayoweza kumtosha mtu nyumbani kwa muda fulani, humo huharibika upesi. Kuacha dirisha wazi kidogo si kinga ya kutegemewa, kwa sababu hakuna ajuaye upepo utavuma upande gani usiku kucha.

Umeme, gesi au dizeli?

Kanuni kuu katika kuchagua hita ya chumba cha kulala garini ni moja: hewa inayolisha moto isiwe ile ile anayovuta aliyelala. Kila aina ya hita yafaa kupimwa kwa kanuni hiyo.

Hita ya umeme haichomi chochote, hivyo haitoi sumu hiyo. Hufaa sana katika karavani zinazoegeshwa kwenye kambi zenye soketi za umeme, kama zilivyo nyingi nchini Uingereza na Ujerumani. Kule msafiri huchomeka waya wake na kupata volti 230. Soketi ya ampea 10 humpa wati 2,300, nguvu inayotosha kupasha joto karavani ndogo.

Dereva aliyeegesha kando ya barabara hana soketi. Akitegemea betri za lori, hesabu haimruhusu. Betri mbili za ampea-saa 170 zilizounganishwa kutoa volti 24 huhifadhi takriban kilowati-saa 4. Hita ya wati 1,000 ingezimaliza kwa saa nne tu, na muda mrefu kabla ya hapo lori lingekuwa limeshindwa kuwaka.

Hita za gesi ya kupikia ziko za aina mbili. Zile za kubebeka, zenye moto ulio wazi, hutumia hewa ya chumbani na kutoa mabaki yake humo humo. Isitoshe, kila kilo moja ya gesi hiyo ikiungua hutoa zaidi ya kilo moja na nusu ya maji katika hali ya mvuke, na ndiyo sababu madirisha hutiririka maji na matandiko hulowa. Hizo hazifai kabisa mahali pa kulala.

Aina ya pili, ambayo hupatikana katika karavani nyingi za Ulaya, imezibwa kabisa kutoka chumbani. Huvuta hewa kutoka nje kwa bomba lake na kutoa moshi nje kwa bomba jingine. Hiyo ni salama ikifungwa na fundi aliyefuzu kazi ya gesi. Hata hivyo, gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutuama sakafuni, na ndiyo maana karavani hutobolewa matundu ya sakafuni ambayo hayapaswi kuzibwa hata kidogo.

Kwa lori, dizeli ndiyo yenye manufaa zaidi kwa kuwa tayari imo katika tangi. Ndani ya hita, plagi maalumu hupata moto na kuwasha dizeli inayodondoshwa na pampu ndogo. Moto huwaka ndani ya chuma kilichozibwa. Feni hupitisha hewa ya kabini nje ya chuma hicho, ikapata joto na kurudi ndani bila kukutana na moshi.

Hita ya kilowati 2 yatosha kabini ya kawaida. Huchoma takriban lita 0.1 hadi 0.3 kwa saa, kumaanisha kwamba usiku wa saa nane hauzidi lita 2 na nusu. Injini ya lori kubwa ikiachwa ikinguruma huchoma karibu lita 3 kila saa, yaani lita 24 kwa usiku huo huo.

Kununua hita kubwa kupita kiasi si busara. Chumba kidogo hupata joto upesi, na hita ikabaki ikiwaka kwa moto hafifu. Moto hafifu huacha masizi ambayo hatimaye huziba chumba cha kuchomea.

Mnunuzi pia ahakikishe volti zinalingana. Malori makubwa hutumia volti 24, ilhali karavani na magari madogo hutumia volti 12. Aidha, atafute alama ya herufi E ndani ya mduara, ikifuatwa na nambari ya nchi. Alama hiyo huonyesha kwamba kifaa kimeidhinishwa chini ya kanuni za Umoja wa Mataifa za vifaa vya magari. Kanuni inayohusu mifumo ya kupasha magari joto ni nambari 122.

Tatizo la mwinuko

Kuna jambo moja ambalo mnunuzi wa Ulaya huenda asilifikirie sana, lakini wa Kenya hawezi kulipuuza. Hita nyingi zimetengenezwa kwa nchi zilizo karibu na usawa wa bahari, na maelekezo ya baadhi ya watengenezaji hutaja mita 1,500 kuwa kikomo cha matumizi ya kawaida bila marekebisho.

Nairobi yenyewe imepita kimo hicho. Nakuru pia. Katika mwinuko wa mita 2,700, kanieneo ya hewa ni takriban asilimia 72 ya ile ya Mombasa. Pampu isiyojua tofauti hiyo huendelea kumimina dizeli kwa kiwango kile kile, ilhali oksijeni imepungua kwa zaidi ya robo.

Matokeo yake ni moto uliozidiwa na mafuta. Moshi huwa mweusi, masizi hujaa, na gesi ya kaboni monoksaidi katika moshi huo huongezeka. Bomba likiwa na ufa, hatari huwa kubwa zaidi mahali pale pale ambapo hita inahitajika zaidi.

Kwa hivyo swali la kwanza kwa muuzaji linapaswa kuwa hili: je, hita hii ina kipimo cha mwinuko kinachopunguza mafuta yenyewe, au inaweza kurekebishwa na fundi? Asiyeweza kulijibu kwa maandishi ya mtengenezaji hafai kuuziana naye.

Kufunga kwa uangalifu

Hita hufungwa juu ya bati bapa la sakafu na kukazwa kwa nati, kukiwa na gasketi kati yake na bati hilo. Bomba la hewa ya moto, bomba la moshi na lile la dizeli yote hupitia chini ya sakafu. Kiungo chochote cha bomba la moshi hakipaswi kuwa ndani ya kabini.

Mdomo wa bomba la moshi usielekee mbele, usiwe chini ya dirisha wala mlango, na uwe mbali na mdomo wa bomba linalovuta hewa ili hita isirudie kuvuta moshi wake yenyewe. Bomba hilo hupata moto mkali. Lisipite karibu na nyaya, mipira ya breki, magurudumu au mabomba ya mafuta.

Dizeli huchukuliwa moja kwa moja kutoka tangi kwa bomba lake jembamba. Pampu hufungwa ikiwa imeinama, upande wa kutoa mafuta ukielekea juu, ili mapovu ya hewa yasikwame. Waya wa umeme huanzia kwenye betri na fyuzi huwekwa karibu na betri hiyo, wala si mwisho wa waya.

Kosa moja la kawaida ni kuzima hita kwa kukata umeme ghafla. Feni yahitaji dakika chache za kupoza chuma baada ya moto kuzimika. Hita hizimwe kwa swichi yake na kuachwa imalize.

Malori ya kusafirisha mafuta yana masharti makali zaidi, na mwenye lori la aina hiyo asifunge hita yoyote kabla ya kushauriana na mamlaka husika. Kwa magari yote, hita sharti izimwe kabla ya kuingia kituo cha petroli au bohari ya mafuta.

Ulinzi wa ziada

Hata hita iliyofungwa vyema huchakaa. Mabomba hupata kutu, gasketi hukauka na barabara mbovu hulegeza nati. Ukaguzi wa kila mwaka kabla ya msimu wa baridi, pamoja na kuiwasha kwa nguvu zote kwa muda wa nusu saa mara kwa mara ili kuchoma masizi, huirefushia maisha.

King'ora cha kaboni monoksaidi ni nyongeza muhimu. Kisichanganywe na king'ora cha moshi, ambacho hakiitambui gesi hiyo. Vya magari na karavani hutengenezwa kwa kiwango cha Ulaya cha EN 50291-2, kilichowekwa kwa kuzingatia mitikisiko ya safari. Hufungwa karibu na kimo cha kichwa cha aliyelala. King'ora hakiligeuzi jiko kuwa hita. Humwamsha tu mtu apate nafasi ya kutoka.

Kikilia, au mtu akihisi kichwa kikiuma ndani ya gari, hatua ya kwanza ni kutoka nje wote, kisha kuzima hita na kupelekwa hospitalini. Katika hewa ya kawaida mwili huchukua takriban saa 4 hadi 6 kupunguza sumu hiyo kwa nusu. Kwa oksijeni ya hospitali muda huo hupungua hadi karibu saa moja au moja na nusu.

Mgonjwa au aliyemleta amweleze daktari kwamba kulikuwa na moto mahali walipolala. Kile kifaa cha kidoleni cha kupima oksijeni kinaweza kuonyesha kiwango kizuri ilhali damu imejaa sumu, kwa kuwa vifaa vya kawaida vya aina hiyo haviwezi kutofautisha gesi hizo mbili.

Si kila lori linalohitaji hita. Gari linalolala Voi au Malaba halina haja nayo, na hata nyanda za juu, blanketi nzito, godoro na nguo kavu humtosha dereva katika usiku mwingi. Lakini dereva ambaye ratiba ya tajiri wake humlaza Timboroa kila wiki hawezi kutoboa sakafu ya gari lisilo lake ili afunge hita. Uamuzi huo ni wa mwenye lori.

Asipoufanya, dereva hubaki na jiko. Na jiko ndani ya kabini iliyofungwa, liwe jekundu kiasi gani, halijawahi kuwa hita. Tahadhari kabla ya hatari.