Majina ya Watoto wa Kike katika Mikoa ya Shinyanga na Geita

Watumishi wa Serikali na wananchi wa Unguja na Pemba hupokea mara kwa mara hati za wenzetu wa Bara zenye majina mageni masikioni, na wengine huyaandika kwa kadiri wanavyoyasikia. Maelezo haya yanahusu majina ya watoto wa kike wa Shinyanga na Geita, na jinsi yalivyobadilika kati ya Sensa ya mwaka 2012 na ile ya mwaka 2022.

Kwa Wasukuma, ambao ndio wengi katika mikoa hiyo, jina lilikuwa taarifa ya kuzaliwa. Msichana aliyezaliwa wakati wa mvua aliitwa Kabula, na mvulana Mabula. "Mbula" ndiyo mvua yenyewe. Pacha wa kwanza ni Kulwa, wa pili ni Doto, na anayewafuatia ni Shija, awe wa kiume au wa kike. Minza, Ngolo na Nkwimba ni majina ya kike yaliyorithiwa kutoka kwa mabibi. Haya si ya ajabu kwetu, maana nasi tunao kina Mwanajuma na Mwanahamisi, ambao majina yao hutaja siku. Hata lile "Ng'wana" linalowatatiza makarani ni "mwana" huyu huyu wetu.

Jina halikutolewa kwa pupa. Wazee walishauriana, na mtoto aliyeugua au kulia bila kukoma aliweza kuitwa upya kwa jina la mhenga aliyedhaniwa kulitaka.

Katika miaka 10 tunayoieleza, watu waliongezeka na kuchanganyika. Geita, uliofanywa mkoa mwaka 2012 kwa maeneo yaliyotoka Mwanza, Shinyanga na Kagera, ulihesabiwa watu 1,739,530 mwaka huo. Mwaka 2022 walikuwa 2,977,608. Mgodi mkubwa wa Geita, pamoja na machimbo ya wachimbaji wadogo kama Nyarugusu na Rwamagasa, umewakutanisha Wasukuma, Wazinza, Waha, Wahaya na wengineo. Baba Msukuma na mama Muha hukubaliana kwa wepesi juu ya Neema, Rehema au Happiness kuliko juu ya jina la bibi wa upande mmoja. Majina ya ubatizo, kama Veronica na Theresia, yalikwisha kuzoeleka zamani.

Jambo jingine ni cheti. Mwaka 2017 mpango wa kusajili watoto wa umri chini ya miaka 5 ulifika katika mikoa hiyo, na huduma ikasogezwa kwenye vituo vya afya na ofisi za kata, bila malipo. Hilo ni jema. Lakini jina linatakiwa siku ile ile, kabla wazee hawajakaa. La wazee hubaki la nyumbani.

Hapa wasichana wamepoteza zaidi kuliko wavulana. Mtoto anaandikwa, kwa mfano, Neema Mabula Masanja: lake, la baba na la babu. Hivyo Mabula na Masanja wanaendelea kuishi kwenye karatasi, vizazi na vizazi, hali Kabula, Minza na Ngolo hawana nafasi ya kurithiwa. Asomaye orodha ya darasa atadhani Wasukuma walikuwa na majina ya wanaume peke yake.

Ipo na hasara ya papo kwa papo. Mtoto husajiliwa Neema, kisha bibi yake akampeleka shule kwa jina la Kabula, ndilo analolijua. Tofauti hiyo haionekani mpaka msichana anapoomba kitambulisho cha Taifa, au mkopo wa elimu ya juu, ambao hudai cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa. Ndipo huanza safari za kwa wakili na viapo, wakati wenzake wamekwisha kuingia chuoni.

Kwa hiyo mtumishi anayepokea hati kama hizo anashauriwa kunakili jina herufi kwa herufi, pamoja na ritifaa ya "ng'". Asimgeuze Ng'wana kuwa Mwana, wala Nkwimba kuwa Kwimba, ambayo ni wilaya ya Mkoa wa Mwanza. Wazazi wenye asili ya huko wanaotaka jina la bibi lidumu walitaje siku ya kusajili, likae la kwanza, na jina hilo hilo ndilo liandikwe kwenye kadi ya kliniki na daftari la shule.