Daktari Aliyecheza Kriketi

Ndugu msomaji, wengi wetu hapa Dodoma tunaujua mpira wa miguu, lakini kriketi hatujaiona. Ni mchezo wa watu 11 kwa 11. Mmoja hutupa mpira mdogo mgumu. Mwingine huupiga kwa gongo bapa la mti, kisha hukimbia kutafuta pointi.

Zamani, huko Uingereza, mchezaji aliyejulikana kuliko wote alikuwa W. G. Grace. Alizaliwa mwaka 1848 karibu na mji wa Bristol. Alikuwa mtu mkubwa, mwenye ndevu ndefu. Baba yake alikuwa daktari. Grace naye alianza kusomea udaktari mwaka 1868, lakini mchezo ulimchelewesha. Alifuzu mwaka 1879. Miaka 11! Wakati huo alikuwa na mke na watoto.

Alitibu watu Bristol, katika mtaa wa wafanyakazi. Maskini wengi hakuwadai fedha. Miezi ya joto ilipofika alikwenda kucheza, na daktari mwingine alishika kazi yake. Alijiita mchezaji wa ridhaa, yaani asiyelipwa. Kumbe alipata fedha nyingi kuliko waliolipwa! Hapo hatumsifu.

Mwaka 1887 timu yake ilicheza mjini Manchester. Mwenzake, Arthur Croome, aliukimbilia mpira akaangukia ua wa chuma. Ncha ya chuma ilimchoma shingoni. Damu nyingi ikatoka.

Grace hakungoja. Aliyashika majeraha yale kwa vidole, akayabana. Watu walikimbia kutafuta sindano ya kushonea. Ilichukua karibu nusu saa. Muda wote huo Grace hakuachia, wala mkono wake haukutetemeka.

Fikiri, ndugu msomaji. Nusu saa bila kuachia! Hakuwa na dawa wala chombo. Hata leo, mtu akikatwa na shoka au panga shambani, tunafundishwa vivyo hivyo: kandamiza jeraha kwa kitambaa safi, usiachie, na mwenzako akimbilie msaada.

Lakini si kila mgonjwa aliweza kumwokoa. Mwaka 1899 binti yake, Bessie, alikufa kwa homa ya matumbo. Alikuwa na miaka 20. Siku hizo dawa ya kuua vijidudu vya homa hiyo haikuwapo.

Mwaka huohuo Grace aliacha kazi ya udaktari Bristol, akahamia London. Alikufa mwaka 1915.

Croome alipona. Akawa mwandishi wa habari za michezo, akaishi mpaka mwaka 1930.