Kilimia mbele ya kamera

Jina Kilimia latokana na kitenzi kulima, maana wakulima walikitazama ili kujua majira ya kupanda. Kwa macho matupu twahesabu nyota sita au saba. Kumbe kundi hilo lina nyota zaidi ya 1,000. Mtu mwenye darubini ndogo na kamera ya kawaida atazipataje zilizofichika?

Kikwazo cha kwanza ni Dunia: inapozunguka, nyota huacha mistari pichani. Kwa hiyo darubini hufungwa juu ya mtambo unaozunguka kinyume chake, mara moja kwa saa 23 na dakika 56. Kikwazo cha pili ni chengachenga za kamera. Hizo hubadilika katika kila picha, lakini nyota hubaki palepale. Basi hupigwa picha nyingi fupi, na kompyuta huzipanga moja juu ya nyingine: picha 100 hupunguza chengachenga mara 10. Hata galaksi ya Andromeda, yenye umbali wa miaka nuru milioni 2.5, hupigwa hivyo.

Kisarufi, Kilimia ni umoja. Picha ndiyo inayotuonyesha wingi wake.