Jiwe la nani linaondolewa, na wafiwa waliulizwa?

Watu wawili waliouawa Kasongo tarehe 1 Desemba 1892 wana sanamu yao mpaka leo. Haiko Kasongo. Iko Blankenberge, mji wa pwani huko Ubelgiji, na ilisimamishwa mwaka 1900. Majina yao ni Lippens na De Bruyne, luteni na sajenti wa Leta ya Leopold II. Wazee wetu waliokufa katika vita ile ile, wa Kasongo, wa Nyangwe, wa Kabambare, hatujaona hata jiwe moja lenye majina yao, wala huko wala hapa.

Tunaandika haya, sisi wa sendika, juu maneno ya sanamu yamekuwa mengi. Redio inasema leo wameangusha hii, kesho wamepaka rangi ile. Vijana wanatuuliza pale shimoni: „Sasa bazee, hii maneno inatuhusu nini? Sisi tunatafuta paka chakula.” Inatuhusu sana. Anayeamua jiwe gani libaki na jiwe gani liondoke ndiye anayeamua kifo cha nani kina bei.

Tuanze na hao wawili. Lippens alikuwa mwakilishi wa Leta hapa Kasongo, De Bruyne msaidizi wake. Vita ilipoanza kati ya Leta na Sefu, mtoto wa Tippu Tip, wakashikwa mateka. Masimulizi ya Wabelgiji yanasema De Bruyne alipelekwa mpaka mto Lomami kuongea na wenzake waliokuwa ng'ambo. Wakamwambia ajitupe majini, aogelee, wamwokoe. Akakataa, juu Lippens alikuwa amebaki nyuma, mgonjwa. Akarudi Kasongo, wakauawa wote wawili. Mtu aliyekataa kuacha mwenzake, sisi wa mashimoni hatumcheki. Tunajua maana yake.

Lakini jiwe lina ujanja wake. Linasema kweli moja na kuficha kumi. Tarehe 22 Aprili 1893 jeshi la Dhanis liliingia Kasongo. Maaskari wake walio wengi hawakuwa Wazungu, walikuwa Waafrika, kati yao watu wa Gongo Lutete, chifu aliyemwacha Sefu akaenda upande wa Leta. Malipo yake? Septemba mwaka ule ule maofisa wa Leta walimhukumu haraka haraka pale Ngandu, wakampiga risasi. Kisha Ubelgiji ikaandika kwenye mawe yake kwamba ilikuja kutuokoa na utumwa wa Waarabu. Utumwa ulikuwepo, hatuukatai. Kasongo ya zamani, ile inayoitwa Tongoni, ilijengwa na jasho la watumwa. Lakini waliotufungua mnyororo ule walituletea mwingine: mpira, pembe, barabara za lazima, halafu migodi.

Kule Brussels, katika bustani ya Cinquantenaire, kuna mnara mkubwa wa mchongaji Vinçotte, wa mwaka 1921, unaosifu jeshi la Ubelgiji kwa kumwangamiza Mwarabu mwenye watumwa. Mabalozi wa nchi za Kiarabu wakalalamika, neno „Mwarabu” likafutwa kwenye jiwe. Maofisa wa zamani wa Afrika wakalalamika nao, wakitaka lirudi. Tazameni vizuri: waliogombana ni mabalozi na maofisa. Watu wa Maniema, ambao vita ile ilipigwa juu ya migongo yao, nani alikuja kuwauliza?

Oostende, karibu na Blankenberge, kuna Leopold juu ya farasi, na chini yake Wakongomani wanamshukuru. Mwaka 2004 watu wa mji ule walikata mkono wa mmoja wa hao Wakongomani wa shaba. Walisema ni kukumbusha mikono iliyokatwa wakati wa mpira. Mwaka 2020, baada ya polisi kumuua George Floyd kule Marekani, moto ukawaka zaidi. Tarehe 9 Juni sanamu ya Leopold ya Ekeren, Antwerpen, iliondolewa baada ya kuchomwa. Tarehe 30 Juni, siku ya miaka 60 ya uhuru wetu, ile ya Gent iliondolewa, na siku hiyo mfalme Philippe alimwandikia Rais Tshisekedi kwamba anasikitika. Kusikitika, si kuomba msamaha.

Na sisi wenyewe? Kinshasa, Leopold wa farasi aliangushwa wakati wa Mobutu. Februari 2005 waziri wa utamaduni, Christophe Muzungu, akamsimamisha tena katikati ya mji, akisema historia ina mabaya na mazuri. Haikumaliza siku mbili, ikashushwa. Watu wa Kinshasa waliamka wakaikuta, wakaamka tena haipo. Hawakuulizwa kuiweka, hawakuulizwa kuitoa. Leo iko Mont Ngaliema, kwenye bustani ya makumbusho, pamoja na sanamu zingine za wakoloni. Pengine ndipo mahali pake. Lakini namna ilivyofanywa ni ile ile ya mkoloni: mkubwa anaamua, mwananchi anatazama.

Sasa tunakuja kwenye habari ambayo wengine hawatapenda tuiandike hapa. Tunawaomba msome mpaka mwisho.

Tarehe 12 Juni 2016, mjini Orlando, jimbo la Florida, Marekani, mtu mwenye bunduki aliingia katika baa ya dansi iitwayo Pulse akaua watu 49. Baa ile ilikuwa ya watu wanaopenda wenzao wa jinsia moja, na wengi waliokufa walikuwa vijana wa familia zilizotoka Puerto Rico na nchi zingine za Amerika ya Kilatini. Mwaka 2017, karibu na pale, mistari ya barabara ambapo watu wanavukia ilipakwa rangi za upinde wa mvua, iwe kumbukumbu yao. Ilikaa miaka minane. Usiku wa kuamkia tarehe 21 Agosti 2025, wafanyakazi wa Leta ya Florida walikuja wakaipaka rangi nyeusi na nyeupe. Serikali ilisema barabara si mahali pa siasa. Meya wa mji, Buddy Dyer, alisema ni ukatili. Asubuhi wafiwa na majirani wakaja na chaki, wakachora rangi upya kwa mkono. Leta ikafuta tena. Wakachora tena. Mwishowe polisi wakaanza kushika watu, kwa ajili ya chaki.

Tunasikia mnavyosema: „Hayo ni mambo ya Wazungu, desturi yetu hapana.” Sawa. Katiba yetu ya 2006, artikle 40, inaongea ndoa ya watu wa jinsia tofauti, na hatuandiki hapa kuibadilisha. Kila mmoja ana msikiti wake, kanisa lake na wazee wa ukoo wake. Lakini katiba hiyo hiyo, artikle 16, inasema mwanadamu ni mtakatifu. Haikuweka „isipokuwa”.

Na sisi wachimbaji tuna sheria yetu, ya zamani kuliko katiba. Shimo likianguka, hatuulizi aliye chini alikuwa mtu wa namna gani. Hatuulizi kabila, hatuulizi kama anaswali au anakunywa kasiksi, kama ana mke mmoja au watatu, kama ana deni kwetu. Tunachimba. Tukimtoa hai, tunashukuru Mungu. Tukimtoa maiti, tunamfunika, tunatafuta mama yake. Aliyekufa akishafunikwa, hesabu zake ziko kwa Mungu. Yetu ni kumzika na kukumbuka jina lake. Kama tunafanya hivyo kwa mtu tusiyemjua ndani ya shimo, kwa nini tushangilie mama wa Orlando anapofutiwa alama ya mtoto wake usiku wa manane?

Wengine watatushika hapo: „Basi na Leopold msimguse! Sanamu ni sanamu.” Hapana. Si kitu kimoja. Sanamu ya Leopold inamsifu aliyepiga. Rangi za Orlando zinawalilia waliopigwa. Ya kwanza iliwekwa na wenye nguvu ili wanyonge wazoee kuinamisha kichwa. Ya pili iliwekwa ili waliobaki wapate mahali pa kusimama na kulia. Anayesema ni kitu kimoja, huyo hajapoteza mtu.

Kwa hiyo tunapendekeza maswali mawili, kila mara mtu anapotaka kusimamisha jiwe au kuling'oa, Ulaya, Marekani au Maniema. La kwanza: jiwe hili linamkumbuka aliyepigwa au aliyepiga? La pili: wafiwa waliulizwa, mchana, mbele ya watu? Kwa maswali hayo, Leopold anakwenda makumbusho. Mistari ya Orlando inabaki. Lippens na De Bruyne ni kazi ngumu zaidi, juu wao walikuwa mkono wa Leta na pia walikufa kifo cha mateka. Sisi hatuombi Blankenberge iwaangushe. Tunaomba kando yao liandikwe waziwazi ni vita gani ile, ya nani, kwa faida gani, na kwamba Kasongo nayo ilizika watu. Kuongeza ukweli wakati mwingine kunapita kubomoa.

Na si Wabelgiji peke yao. Novemba 1961 Waitalia 13 waliokuwa wakiletea jeshi la Umoja wa Mataifa vyakula kwa ndege waliuawa Kindu. Pisa, kwao, kuna jengo la kumbukumbu lao, na familia zinakwenda pale. Ni vizuri. Kifo chao kilikuwa kibaya na wanastahili. Lakini fikirini: mtu akitaka kusoma juu ya jiwe nani alikufa Maniema, anapaswa kupanda ndege mpaka Italia na Ubelgiji!

Sisi wafanyakazi tunao wetu. Desemba 1941, Élisabethville, wafanyakazi wa Union Minière waligoma wakitaka nyongeza ya mshahara. Walikusanyika kwenye uwanja wa mpira, wakapigwa risasi. Léonard Mpoyi, aliyewasemea wenzake, aliuawa siku ile. Ni vijana wangapi wa Salamabila wanaojua jina hilo? Na Lumumba, ambaye Ubelgiji ilituletea jino lake Juni 2022, Leta ikamjengea kaburi la heshima Limete: Novemba 2024 watu walivunja wakaingia, wakaharibu mpaka sanduku. Kama Lumumba hana usingizi, itakuwa nini kwa mchimbaji wa Namoya?

Dhahabu ya Namoya imechimbwa tangu wakati wa mkoloni. Kasiterite imetoka kwenye milima yetu miaka na miaka. Hesabu ya kilo ziko kwenye vitabu. Hesabu ya watu iko kwenye vichwa vya wajane, na wajane wanakufa. Tumeona mahali, hatupataji, ambapo mashine ilipita juu ya makaburi ya wachimbaji ili kufungua barabara. Hakuna aliyegombana, juu hapakuwa na jina limeandikwa. Huwezi kulilia jiwe ambalo halikuwekwa. Ndiyo sababu tunasema: tukishangilia wafu wa wengine wakifutwa kwa sababu hatuwapendi, tunamfundisha mkubwa kufuta. Akishajua, atakuja kwetu. Sisi pia kuna wanaosema hatufai: wahuni wa shimoni, wavuta bangi, waharibifu wa msitu. Wakitaka kufuta wafu wetu, watatumia maneno hayo hayo.

Tunaomba vitu vidogo, vinavyowezekana. Kila shimo liwe na daftari: jina la aliyekufa, kijiji, jina la mama, siku, na namna shimo lilivyoanguka. Nakala moja ikae kwa komite ya wachimbaji, moja msikitini au parokiani, moja kwa chifu. Daftari hiyo si ya kilio tu. Ukiona shimo moja linaua kila masika, unajua mbao hazitoshi, na una karatasi ya kuweka mbele ya PDG na mbele ya Leta. Mjane naye anapata ushahidi anapodai haki ya watoto.

Kisha, tarafa kwa tarafa, tuweke ubao wa majina. Si lazima shaba wala saruji ya bei. Ubao wa libuyu na rangi unatosha kuanza. Familia iulizwe kwanza. Kama haitaki jina liandikwe, lisiandikwe. Na siku mtu akitaka kuung'oa ubao ule, awe kampuni, awe administrata wa teritware, awe mwenye bunduki, aje mchana, aite wafiwa, aseme sababu mbele yao.

Wajumbe wa sendika watapita mashimoni kabla ya tarehe 1 Mei kukusanya majina. Mama, baba, ndugu, kaeni na wazee nyumbani, ulizeni, andikeni kwenye karatasi yoyote. Anzeni na wale wa zamani kabisa, juu hao ndio wanapotea wa kwanza.