Mdai Aliye Mfukoni

Maziwa na viazi vya eneo la Bahati, Nakuru, siku hizi hulipwa kwa simu. M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, ilimpunguzia mkulima safari za benki mjini Nakuru na hofu ya kuporwa njiani. Nafuu hiyo ni ya kweli. Lakini simu ile ile sasa inakopesha, na inadai.

Chukua Fuliza, huduma ya mkopo ya M-Pesa iliyozinduliwa Januari 2019. Salio lisipotosha, inajazia. Pesa yoyote ikiingia, inajilipa yenyewe. Muuza maziwa anapokea malipo yake, na kabla hajayapangia karo, yamekwishakatwa. Mwenye duka la kijijini huombwa asubiri hadi mwisho wa mwezi, naye husubiri, maana hata ng'ombe wako anamjua. Mtambo hauombwi.

Hata hivyo, kinachowavunja watu zaidi ni aibu. Baadhi ya apu za mikopo zilichota namba zote zilizo kwenye simu ya mkopaji, kisha zikawapigia mama mkwe, mwajiri na mweka hazina wa chama cha akiba. Chama huendeshwa kwa kuaminiana. Simu moja kama hiyo yatosha mtu kukacha mikutano, kanisa na majirani. Anajitenga na wale wale ambao wangegundua kwamba hapati usingizi, hali chakula, na anazungumza peke yake.

Kanuni za Benki Kuu ya Kenya za mwaka 2022 zilipiga marufuku mtindo huo wa kuchota namba za watu. Septemba 2023, Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza faini ya shilingi 2,975,000 kampuni ya Mulla Pride, yenye apu za KeCredit na Faircash. Ni hatua njema, ila humfaa anayejua pa kulalamika.

Na aliyekata tamaa hadi kufikiria kujiua angesema na nani? Hadi Januari 2025, Jaji Lawrence Mugambi alipokiita kinyume cha Katiba, kifungu cha 226 cha sheria ya jinai kilifanya kujaribu kujiua kuwa kosa. Aliyehitaji daktari aliogopa polisi.

Sasa msaada unaweza kuanzia mlangoni: tangu 2023 wahudumu wa afya ya jamii hupita nyumba kwa nyumba wakipima presha na sukari. Ningependa wanapofika Bahati waulize pia, kwa upole na faraghani, kama kuna deni la simu linalomnyima mtu usingizi, na wawe na kliniki ya karibu ya kumpeleka.