Kuwalikiza Wana wa Sungura

Wasomaji wetu wanaofuga sungura uani huenda wameshuhudia jambo hili. Wana saba wamezaliwa salama, wamefungua macho, wameota manyoya, wanarukaruka kizimbani. Kisha wakatengwa na mama yao, na kabla ya siku kumi kupita wawili watatu wamekufa, matumbo yamevimba na mikia imerowa uharo. Lawama hutupiwa majani, baridi ya usiku, hata jicho la watu. Sisi twaona kwamba mara nyingi kiini cha msiba huo ni jinsi walivyolikizwa.

Mwana wa sungura huzaliwa haoni wala hana manyoya. Mama humnyonyesha mara moja au mbili tu kwa siku, tena kwa dakika chache, hata wengi wakadhani amewatupa wanawe. La, ndivyo alivyoumbwa. Na maziwa yake ni mazito, mafuta yake ni zaidi ya maradufu ya yale ya ng'ombe. Yapata siku ya 10 hadi ya 12 macho hufunguka, na kufikia wiki ya tatu mwana hutoka sandukuni akaanza kutafuna chakula cha mama.

Kutafuna, hata hivyo, si kumeng'enya. Majani ya sungura huchachushwa na vijidudu vyema vinavyokaa katika kifuko kikubwa mwanzoni mwa utumbo mpana, na mwana hazaliwi navyo. Huvipata kidogo kidogo, hata kwa kula vinyesi ambavyo mama huviacha kiotani. Muda wote huo maziwa ndiyo ngao yake, kwani asidi ya tumbo lake bado ni hafifu na haiwezi kuua vijidudu viovu. Ukiyakata ghafla, ngao imeondoka na asidi haijakomaa.

Mashamba makubwa hulikiza kati ya siku ya 28 na ya 35, kwa chakula kilichotengenezwa mahususi. Kwa mfugaji wa nyumbani twashauri wiki 6 kwa uchache, na 8 kwa mwana dhaifu. Lakini hesabu hiyo huamuliwa mapema zaidi, siku mama anapopelekwa kwa dume. Mimba ya sungura ni kama siku 31. Aliyempandisha jike wake siku ya 10 baada ya kuzaa atapata uzazi mwingine yapata siku ya 41, naye atalazimika kuwaondoa wana wa kwanza wakiwa wachanga. Akingoja hadi siku ya 28, wana hupata wiki zao 6 na mama hupata kupumzika. Tamaa ya uzazi wa harakaharaka, kwa maoni yetu, hailipi.

Wakati ukifika, mwondoe mama, usiwaondoe wana. Wabaki pamoja katika kizimba kilekile, chenye harufu wanayoijua, angalau wiki nzima. Ikiwezekana, wakubwa walikizwe kwanza, na wadogo waachiwe mama siku chache zaidi. Hivyo chuchu zake nazo hukauka taratibu bila kuvimba. Chakula kiwe kilekile walichokizoea: nyasi kavu kwa wingi, na maji safi usiku na mchana. Majani ya viazi vitamu yanyaushwe kwanza, kisha yaongezwe kidogo kidogo. Kabichi na mabaki ya jikoni yangoje. Maziwa ya ng'ombe wasipewe kabisa.

Katika miezi ya kaskazi, joto likipita nyuzi 30, sungura hupunguza kula. Basi ni heri kungoja siku zenye upepo, na kizimba kiwe kivulini. Mizani ya jikoni nayo yafaa sana. Wapime kila baada ya siku mbili, na yule asiyeongezeka arudishwe kwa mama angali na maziwa. Anayekataa chakula, au anayeharisha, apelekwe kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Tusikimbilie kabati la dawa za nyumbani: amoksilini ya kumeza, inayomfaa binadamu, huviangamiza vijidudu vyema vya sungura na yaweza kumuua.

Wakishatulia, madume na majike watenganishwe kabla ya kutimiza miezi 3.